Bakuli la Muringa

Jumatatu, 14 Machi 1955
Mvua haijafika. Nimeanza daftari hili leo. Mwalimu wa misheni alinipa baada ya kumsimulia jinsi nilivyomshika chui kwa mkia pale Ragati, nikamzungusha mara saba mpaka akasahau alikokuwa akienda. Mwalimu alisema mtu mwenye mambo kama haya heri aandike. Mimi ni Gatimu, darasa la tatu, lakini la tatu la zamani, ambalo ni kama la nane la siku hizi. Naandika Kiswahili nilichojifunza jeshini, kwa sababu shemeji yangu Wachuka anasoma Kikuyu cha Biblia na hakuna karatasi inayopita mbele yake salama.

Jumatano, 16 Machi
Niandike tulivyo, kusudi atakayesoma ajue. Mwaka jana tuliondolewa mashambani, nyumba zetu zikachomwa, tukapangwa hapa chini ya msitu kama miche ya kahawa, safu kwa safu. Handaki limetuzunguka, na mnara wa homgadi, watu wa kwetu waliopewa bunduki na Serikali, uko katikati. Kaka yangu mkubwa Wamae yuko kizuizini Manyani mwaka wa pili. Mke wake Wachuka na binti yao Watiri wako nyumba inayopakana na yangu. Mke wangu mimi alifariki kabla ya Hali ya Hatari, akakwepa mengi.

Kila siku isipokuwa Jumapili tunaenda kuchimba lile handaki kubwa la kando ya msitu, futi kumi kwenda chini, futi kumi na sita upana, ili watu wa msituni, wanaopigana na Serikali, wasitoke kutafuta chakula. Wanaume waliobaki wanahesabika kwa vidole. Wanaochimba ni wanawake.

Mimi nachimba kama watu watatu. Leo Ngatia, mkubwa wa homgadi, ambaye tulitahiriwa naye mwaka mmoja, alisimama ukingoni akasema, "Gatimu, wale watu watatu wamepumzika wote kwa pamoja?" Wanawake wakacheka. Nilicheka pia, ili ionekane mzaha ni wangu.

Jumamosi, 19 Machi
Mvua imefika. Tumechimba matope tukayatupa juu, yakarudi.

Jumanne, 22 Machi
Watiri anakohoa. Ana miaka ishirini na moja, mrefu kama baba yake na mchache wa maneno kama yeye. Sijui ukoo huu ulinitoa wapi mimi. Leo aliinama, akatema, akafunika kwa jembe. Niliona. Ilikuwa nyekundu.

"Watiri, hiyo ni nini?"

"Udongo, Baba Mdogo."

Udongo wa hapa ni mwekundu kweli, lakini hautoki kifuani.

Jioni Wachuka alikwenda kumwombea kwa Ngatia apumzike wiki moja. Ngatia alimjibu kwamba orodha ya handaki ni ya Bwana D.O., Mzungu wa tarafa, na yeye kazi yake ni kuisoma kwa sauti. Wachuka alirudi akakoroga uji. Huyo Ngatia nilimwokoa kwenye mto siku ya kutahiriwa. Au yeye aliniokoa mimi. Ni zamani.

Ijumaa, 25 Machi
Leo lori limeleta mashine. Ni ya kukereza mbao: meza ndefu ya mti mgumu, vichwa viwili vya chuma, na pembeni gurudumu kubwa lenye mpini, kama la gari la ng'ombe. Mtu mmoja anazungusha gurudumu, kamba inapeleka nguvu kwenye chuma, chuma kinazungusha mti, na mtu wa pili anausogezea patasi. Ilitoka katika karakana ya misheni iliyofungwa. Haya nayajua sasa jioni. Asubuhi nilidhani ni ya kukamua miwa.

Bwana D.O. ni kijana wa Kizungu mwenye shingo nyembamba. Sisi tunamwita Kanyoni, ndege mdogo. Alipanda juu ya lori, karani wake akafasiri. Mwezi wa sita kuna maonyesho mjini Nyeri. Wakubwa watakuja kutazama kazi za mikono za vijiji. Anataka bakuli moja la mti, zuri, lililokerezwa hapa. Likipendeza, banda la mashine litakuwa la kudumu, na fundi na msaidizi wake hawatarudi handakini tena. Nani anaijua kazi hii?

Mkono wangu ulipanda kabla kichwa hakijauliza unakwenda wapi.

"Ulifanyia wapi hii kazi?" akauliza Koplo Khisa, askari wa kutoka Kimilili, ndiye atakayelinda banda.

"Nairobi, relwe. Halafu Burma. Kiti ya Jenerali, miguu yote nne ni mimi."

Ngatia akaguna. "Burma si ulikuwa unaosha sufuria? Na hiyo Burma si ilikuwa Gilgil, hapa hapa Kenya?"

"Mchana sufuria, jioni miguu ya viti."

Watu waliangua kicheko, hata karani. Kanyoni akauliza wanacheka nini, karani akamnong'oneza, naye akacheka kidogo, akaandika jina langu. Hivyo ndivyo mtu anavyopata kazi.

"Na msaidizi?"

Nikamwonyesha Watiri kwa kidole. Hapa naandika ukweli: mkono niliuinua kwa ajili ya mgongo wangu. Kidole kilikuwa kwa ajili yake.

Jumatatu, 28 Machi
Tulipata kipande cha muringa, mti ulioangushwa wiki jana kwenye njia ya handaki, bado unatoa maji. Nilikichonga kwa shoka mpaka kikawa mviringo wa aina yake. Tukakifunga kwenye sahani ya chuma kwa skurubu nne. Watiri akashika gurudumu. Khisa alikuwa mlangoni, kofia machoni, amelala.

Nikaingiza patasi kama mtu anayechoma mkuki. Mti uliidaka, mpini ukanigonga kidevu, kipande kizima kikang'oka, kikapiga bati la paa, kikatoka dirishani. Khisa akaruka na bunduki yake.

"Ni nini hiyo?"

"Napima nguvu ya mashine."

"Iko na nguvu?"

"Ya kutosha."

Alinitazama kidevu. "Mzee wa Burma," akasema, akarudi kulala.

Alhamisi, 31 Machi
Vipande vitatu vimeharibika. Kijijini nimesema kila fundi mkubwa ana kovu la kidevu.

Jumanne, 5 Aprili
Mvua usiku na mchana. Sisi tuko pakavu. Kuzungusha gurudumu si kazi nyepesi, lakini Watiri anaizungusha polepole, bila kuchoka, na kikohozi kimepungua. Kutoka dirishani tunawaona wanawake wakipita na majembe, magunia kichwani. Wengine hawatusalimu.

Watiri alisema leo, "Baba Mdogo, mti unakuja kwako wenyewe, na wewe unaushambulia. Ungoje uje."

Nikamwambia kazi ya wanaume haifundishwi na mwenye kushika gurudumu. Kipande cha tano kikapasuka katikati dakika ile ile, kama kilikuwa kinasikiliza.

Jumapili, 10 Aprili
Pasaka. Sina la kuandika.

Alhamisi, 14 Aprili
Khisa alikwenda kunywa chai. Watiri aliacha gurudumu, akafuta mikono kwa leso, akasema, "Niazime patasi."

"Utajikata."

"Nitajikata mimi, si wewe."

Basi nikashika gurudumu, kwa mzaha. Nilitaka aone. Akaiweka ile patasi ya mviringo juu ya chuma cha kuegemea, mgongo wake ukagusa mti kwanza bila kukata chochote, kama mtu anayemgusa ndama mgeni ubavuni. Mti ukazunguka chini yake, haukukasirika. Halafu akainua mpini kidogo, kidogo tena, mpaka makali yakakutana na mti yenyewe. Ukatoka utepe. Si vumbi, si vibanzi. Utepe mmoja mrefu, mbichi, ukampitia begani ukaanguka nyuma yake. Maji ya mti yakamrukia usoni. Hakujipangusa.

Niliacha kuzungusha.

"Endelea, Baba Mdogo," akasema bila kugeuka.

Mimi Gatimu, niliyemshika chui kwa mkia, nilizungusha gurudumu mpaka Khisa alipopiga mluzi kwenye njia. Tukabadilishana nafasi haraka kama watoto waliokutwa ndani ya shamba la miwa.

Jumatatu, 18 Aprili
Khisa akiwepo nashika patasi na kupiga kelele. Akiondoka nashika gurudumu. Hivyo kazi inakwenda.

Alhamisi, 21 Aprili
Leo bakuli limekwisha.

Nje lilikwisha jana. Leo alichimba ndani, na ndani ndiko kugumu, kwa sababu patasi haionekani inapokwenda, inasikika tu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango. Mara tatu alisimamisha mashine, akaingiza vidole, akapima unene wa ukuta, akasema "bado." Mara ya nne hakusema kitu. Alilifungua kutoka kwenye sahani ya chuma, akaligonga kwa kucha, likajibu.

Lingetosha uji wa mtu mmoja. Ukuta wake ni unene wa kidole cha mwisho. Rangi ya asali upande mmoja, na upande mwingine mstari mweusi, pale moyo wa mti ulipopita. Watiri alilishika kwa mikono miwili, akacheka. Nilikuwa nimesahau ana pengo la meno kama la mama yangu.

Jioni, kabla ya filimbi ya kuingia ndani, nilisimama penye bomba la maji nikawaambia watu bakuli limekwisha, na kwamba nililimaliza nikiwa nimefumba macho, kwa sababu fundi wa kweli hutazama kwa vidole. Walisikiliza vizuri. Nilipogeuka, Watiri alikuwa nyuma yangu na mtungi. Nikaona haya kidogo. Akasema kwa sauti ndogo:

"Sema ni lako, Baba Mdogo. Mimi nataka paa tu."

Jumamosi, 23 Aprili
Ufa. Ukingoni, mwembamba kama unywele.

Jumapili, 24 Aprili
Tulimpelekea Wachuka bakuli ndani ya leso, tukakaa wote watatu kama tumefiwa. Wachuka aliupitisha ukucha kwenye ufa.

"Mti mbichi huu. Mmeukimbiza," akasema. "Baba yangu alichonga mizinga ya nyuki maisha yake yote. Aliupaka mti mbichi mafuta ya mbuzi, akaufunga kwa majani ya mgomba, akauzika mahali penye udongo wa baridi, mwezi mmoja na nusu. Hapo unakauka bila kujua kwamba unakauka."

"Hayo nayajua," nikasema. "Nilitaka kuona kama na wewe unayajua."

Wachuka hakujisumbua hata kunitazama.

Jumanne, 26 Aprili
Watiri ameukwangua ufa ukaisha. Bakuli limepungua ukingo kidogo, limependeza zaidi.

Lingezikwa bandani kama ningekuwa mtu mwingine. Lakini nimekwisha kumwambia Kanyoni mwenyewe kwamba mabakuli yangu hayapasuki, kwa sababu naimbia mti kabla ya kuukereza. Alifurahi sana, akaandika. Sasa nitaonekanaje nalizika kama kiazi? Nyumbani kwangu maji yanapita chini ya ukuta. Kwa Wachuka kuna mwinuko. Basi nimelizika kule mimi mwenyewe, chini ya kitanda cha Watiri, mkono mmoja kwenda chini. Mafuta nilipewa na Khisa, ya mbuzi wa homgadi. Nilimwambia ni ya nyufa za visigino. "Usiseme nimekupa," akanionya, "hiyo mbuzi iliandikwa kwa hesabu ya Serikali."

Jumatatu, 9 Mei
Kanyoni alipita bandani akauliza bakuli liko wapi. Nikamwambia bakuli la fundi halionyeshwi kabla ya siku yake, likionwa na macho mengi linapoteza nguvu. Karani alifasiri, Kanyoni akacheka, akanipa sigara. Tunakereza miguu ya viti vya ofisi sasa. Watiri anakereza. Ameongezeka uzito. Jana alimtania Khisa kwamba bunduki yake ina kutu kuliko jembe la mama yake, Khisa akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 13 Mei
Baridi. Ukungu mpaka saa sita.

Ijumaa, 20 Mei
Ng'ambo ya mto wamekamatwa watu kumi na wanne. Inasemekana walilishwa kiapo cha watu wa msituni wiki iliyopita. Nyumba zote zinapekuliwa, kijiji kwa kijiji.

Jumamosi, 21 Mei
Wachuka alinijia asubuhi kabla ya orodha kusomwa.

"Shemeji, kile kitu tukitoe."

"Kikitoka leo kitapasuka kesho. Bado wiki tatu."

"Kipasuke."

"Na maonyesho? Na Watiri? Unataka arudi kwenye maji ya handaki?"

Aligeuka akatazama njia ya handakini. Nikamwambia asiogope, mimi nawajua homgadi, wanacheka wakiniona. Nikamsimulia jinsi polisi wa jeshi walivyopekua hema letu Gilgil na mimi nimekalia kuku mzima aliye hai, akatulia kwa sababu nilimpulizia sikioni. Aliondoka kabla kuku hajatulia.

Jumamosi, 28 Mei
Naandika ya jana. Nimeanza mara tatu.

Filimbi ilipigwa mapema. Tukatolewa wote, tukakalishwa uwanjani kwenye nyasi za maji, wanaume upande, wanawake upande. Homgadi wakaingia nyumba kwa nyumba na vyuma vya kudunga sakafu. Kanyoni alikuwa ameketi kwenye kiti. Miguu ya kiti ilikuwa yetu.

Niliwaza bakuli? Nilisema moyoni, hawatafika chini ya kitanda. Nilikuwa natayarisha maneno ya kuchekesha.

Ngatia mwenyewe ndiye aliyetoka nyumbani kwa Wachuka. Alikuwa amelibeba juu ya koleo, mkono ameunyosha mbali na mwili kama mtu anayemtoa nyoka. Akaliweka chini mbele ya Kanyoni. Majani ya mgomba yalikuwa meusi, yamefunguka upande mmoja. Mafuta yameganda na udongo. Ndani yake duara la mti, jipya.

Kila mmoja pale uwanjani anajua kiapo kinalishwa kwa vitu gani: majani ya mgomba, mbuzi, udongo wa nchi, na chombo cha kulia. Na vyote vilikuwa pale juu ya koleo, kutoka chini ya kitanda, katika nyumba ya mtu aliye Manyani. Hata mimi, niliyelizika kwa mikono hii, niliogopa kulitazama.

Kanyoni aliliviringisha kwa ncha ya fimbo. Akasema neno, karani akaita, "Gatimu. Simama."

Nikasimama.

"Wewe ndiye mwenye kukereza mabakuli. Hili ni lako?"

Maisha yangu yote watu wamenipokonya vitu nilivyosema ni vyangu. Chui si wako, Burma si yako. Jana, kwa mara ya kwanza, nilikuwa napewa kitu mkononi mbele ya watu wote. Ilikuwa neno moja.

"Si mimi niliyelikereza," nikasema. "Ni Watiri."

Ulikuwa ukweli. Nilisema ukweli mtupu, na nikasikia jinsi unavyosikika kinywani mwangu, kama sauti ya mtu mwingine. Nyuma mwanamke mmoja alicheka, akidhani naanza hadithi. Halafu akanyamaza.

Watiri alisimama bila kuitwa.

"Ni kweli. Mimi ndiye niliyelikereza. Ni lile la maonyesho. Limezikwa likauke polepole, lisipasuke. Mafuta ni ya kuzuia ufa."

Karani akafasiri. Kanyoni akatabasamu, akaonyesha juu, kwenye wingu. Mti hukaushwa kwa jua na upepo, karani akasema. Kila mtoto anajua.

"Na nani alilizika?"

Watiri hakunitazama. Hilo nataka kuliandika vizuri. Alitazama mbele, kule kwenye mnara.

"Kitanda ni changu," akasema. "Mama alikuwa hajui."

Hapo Ngatia akasogea. "Bwana," akasema, "kuna fundi hapa. Aulizwe fundi kama mti hukaushwa hivi."

Kanyoni akakubali kwa kichwa. Karani akanigeukia. Koplo Khisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti, macho yake kwenye visigino vyangu. Yeye alijua mafuta yalikotoka, na alijua mbuzi yule aliandikwa. Alifunga kinywa. Naweza kumlaumu kwa lipi?

"Fundi, mti hukaushwa hivi?"

"Sijawahi kuona," nikasema.

Ngatia hakungoja karani. Alisema kwa Kikuyu, taratibu, kama tulivyokuwa tukisemezana tukiwa wavulana: "Gatimu, fikiri vizuri. Hata Burma?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mara elfu nimetazamwa hivyo na maneno yakaja yenyewe. Nilitafuta. Nilitafuta neno lolote.

"Hata Burma," nikasema.

Walimpandisha kwenye lori na wengine watano. Wachuka alikimbia na shuka, homgadi akalipokea, akalirusha juu ya lori, sijui kama lilimfikia. Mvua ilianza walipofika daraja.

Jumapili, 29 Mei
Mvua.

Jumatano, 1 Juni
Nimekutana na Ngatia njiani. Nilimwambia, "Umenimalizia nyumba."

Alinisogelea karibu sana. "Mimi? Kitu kikishaonwa na watu mia tatu siwezi kukirudisha chini. Lakini nilimwambia Bwana uulizwe wewe, kwa sababu hujawahi kukosa la kusema. Nilikuuliza mara mbili. Ungesema kwa Jenerali mlikausha mabakuli mia kwa mafuta ya simba, Kanyoni angecheka, tungekwenda kula." Akatema mate. "Miaka arobaini tunakusikiliza, Gatimu. Tulikuhitaji siku moja."

Nilikuwa nimezoea kumwita mtu mbaya.

Jumamosi, 4 Juni
Nimepewa karatasi. Inasema mimi ni mtu mwaminifu kwa Serikali. Naweza kwenda nayo mpaka Nyeri mjini na kurudi.

Jumatano, 8 Juni
Karani anasema Watiri amepelekwa kambi ya wanawake. Nikauliza kama wanalala pakavu. Akasema hajui wanavyolala. Nikauliza wanafanya kazi gani.

"Wanachimba," akasema.

Bakuli liko ofisini, juu ya meza. Kanyoni anatilia majivu ya sigara. Halijapasuka.

Ijumaa, 10 Juni
Siku ya maonyesho. Kijiji chetu kilipeleka vikapu. Penye bomba la maji wazee wawili waliniomba hadithi, kwa huruma nafikiri. Nilianza ya chui. Nilipofika kwenye mkia nilisahau ni mara ngapi nilimzungusha. Wakaondoka polepole, kwa heshima.

Jumatatu, 13 Juni
Ngatia ameniletea msaidizi. Miguu ya viti inatakiwa kumi na sita, na gurudumu halizungushwi na upepo. Alisimama mlangoni, akasema ameiona nafasi ya kupunguza jina moja kwenye orodha ya handaki, akaondoka bila kuingia. Nyuma yake alikuwa Wachuka.

Hajasema nami tangu siku ile. Chakula changu anakiacha mlangoni kimefunikwa, kama cha mgonjwa.

Aliondoa matope miguuni kwa kijiti, akaingia, akaangalia paa. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Akaangalia mashine, patasi, tepe za muringa zilizokauka kwenye kona. Nilimwonyesha mpini wa gurudumu. Hakuushika.

"Watiri alikuwa akisimama wapi?"

Ningeweza kusema, pale kwenye gurudumu. Nilionyesha mbele ya mashine, pale udongo ulipokandamizwa, mahali pa miguu miwili.

Akaja akasimama pale. Aliweka mguu wa kulia, akauangalia, akaweka wa kushoto. Hakugusa patasi.

"Sasa zungusha," akasema.

Mashine haikuwa na mti. Nilishika mpini nikazungusha. Chuma kilizunguka kitupu mbele yake mpaka filimbi ya jioni, na yeye hakusogea, na mimi sikuthubutu kusimama.